Vikosi vya Nani? Historia Fupi ya Askari Wasio na Mchezaji katika Ramani za Michezo ya Mkakati, na Istilahi Zao

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Buhigwe, katika nyanda za juu za Kigoma, ametuandikia kuuliza jambo ambalo hatukulitarajia. Wanafunzi wake wanatengeneza ramani kwa ajili ya mchezo wa mkakati wa kompyuta. Mahali walipopachagua ni kwao wenyewe, nchi ya Buha, na wakati wake ni mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliposhuka kutoka Burundi kwenda Kigoma. Mchezaji ataongoza upande mmoja wa vita. Upande wa pili, pamoja na vijiji vyote na wapagazi wote, hautakuwa na mtu wa kuuongoza, ila kompyuta. Mwalimu anauliza: vikosi hivyo visivyo na mchezaji viitweje kwa Kiswahili sanifu, na mienendo yao ielezwe kwa maneno gani? Anaongeza kwamba vijana wake husema "akili ya kompyuta" kwa kila kitu, na kwamba neno hilo linawazuia wasielewe kile wanachokitengeneza kwa mikono yao.

Sisi tunaona kwamba mwalimu huyu amegusa jambo ambalo halihusu michezo peke yake. Maneno akili bandia, akili unde na akili mnemba yamekwisha kuingia katika nyaraka za serikali, na wafasiri wanayatumia pengine kwa mitambo inayofikia uamuzi kwa namna ambayo hata mtengenezaji wake hawezi kuieleza yote, na pengine kwa orodha ya masharti kumi aliyoyaandika karani mmoja alasiri moja. Anayesoma hana njia ya kutofautisha. Mchezo wa mkakati ni mahali pazuri pa kujifunzia tofauti hiyo, kwa kuwa humo twaweza kuona waziwazi askari anafanya nini na nani aliyemwambia afanye.

Na tuanze na mchezo wetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Mchezaji huchagua shimo la kuanzia na upande wa kuelekea. Baada ya hapo kete huenda zenyewe, shimo hadi shimo, zikila na kuendelea mpaka ya mwisho iangukie shimo tupu. Isipokuwa penye nyumba, ambapo sheria zina lake la kusema, mchezaji hana ruhusa ya kuzisimamisha njiani. Mtazamaji mgeni huona safari ndefu iliyojaa hila akadhani kila hatua imefikiriwa. Kumbe mchezaji amefikiri mara moja tu, na kilichobaki ni sheria ikijitekeleza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walioliingiza bao katika kompyuta, wameonyesha kwamba yako hata mazingira ambamo mwendo mmoja hauna mwisho kabisa: kete zingezunguka milele kama wachezaji wangekuwa na umri wa kutosha. Hapana shaka hakuna aliyekusudia mwendo wa namna hiyo. Mwenendo wa ajabu waweza kuzaliwa na kanuni nyepesi, pasipo akili yoyote katika kete.

Mchezo wa vita juu ya ramani ulipata sura yake kwa Waprusi. Mwaka 1824 luteni mmoja, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafundishia maofisa, uliochezwa juu ya ramani halisi za nchi. Ndani yake alikuwamo mwamuzi. Wachezaji waliandika amri zao. Mwamuzi ndiye aliyesema kikosi kimechelewa kwa sababu ya matope, au kwamba hakimwoni adui aliye nyuma ya kilima. Tunamtaja kwa sababu kazi yake ndiyo iliyochukuliwa na kompyuta baadaye. Kabla ya mashine kuwa adui wa mchezaji, ilikuwa mwamuzi wake. Ila mwamuzi wa Kiprusi alikuwa na jina na cheo, na ukitaka ungeweza kubishana naye.

Sasa tuje kwenye mienendo yenyewe, na kwanza kutembea, maana ndiko kugumu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Stanford Research Institute, Marekani, walitoa kanuni ya kutafuta njia waliyoiita A*, wakiwa katika kazi ya kutengeneza roboti yenye kujiendesha. Kanuni hiyo, pamoja na nduguze waliozaliwa baadaye, ndiyo inayowatembeza askari wa michezo mingi ya mkakati hadi leo. Maana yake si ngeni kwa mtu wa Buhigwe. Mtu anayekwenda kwa miguu kutoka Manyovu hadi Kasulu hujumlisha mambo mawili kila afikapo njia panda: taabu aliyokwisha kuipata, na taabu anayoikisia kubaki. Ramani ya mchezo nayo imegawanywa vipande vidogo, na kila kipande kina gharama yake: tambarare gharama ndogo, mteremko wenye utelezi kubwa, mto usio na kivuko hauvukiki. Askari huchagua njia yenye jumla ndogo kuliko zote.

Istilahi "utafutaji njia" imekwisha kutumika na hatuoni sababu ya kuipinga. Tunaloliomba ni kwamba neno "gharama" lisiachwe nje ya maelezo yake. Kwani gharama hiyo haikuumbwa na kompyuta. Imeandikwa na mchora ramani. Akiuandikia Mto Malagarasi gharama ya kijito, askari watauvuka kama kijito, na mchezaji atasema kompyuta ni pumbavu. Ramani ndiyo iliyosema uwongo. Mwalimu wa jiografia aliye na darasa la namna hii ana bahati, sharti tu asiiache ipite: hapo mwanafunzi analazimika kuijua nchi yake kwa kiasi cha kuweza kuipangia bei kila mlima.

Baada ya kutembea huja kulinda. Katika mchezo wa Warcraft III, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2002, ramani ilitapakazwa makundi ya viumbe wasio wa upande wowote. Walikaa kambini mwao; usiku walilala; mtu akikaribia waliamka na kumfukuza; akikimbia umbali fulani waliacha na kurudi walipotoka. Wachezaji walisema viumbe hao "wamechoka kumfuata". Hawakuchoka. Walikuwa na hali chache tu walizoandikiwa, yaani hali ya kulala, hali ya lindo, hali ya kufukuza na hali ya kurudi, na sharti la kutoka katika hali moja kuingia nyingine. Neno "hali" latosha kabisa, na "lindo" na "doria" ni maneno ya askari wetu wenyewe, hayana haja ya kufasiriwa. Kwa ule umbali ambao mlinzi hauvuki tunapendekeza "urefu wa kamba". Tunajua methali ya mbuzi na kamba yake imepata sifa mbaya maofisini. Lakini hapa yafaa barabara, maana kamba lazima iwe na aliyeifunga.

Mchezo huohuo uliuzwa pamoja na chombo cha kutengenezea ramani, kama ulivyouzwa StarCraft wa kampuni hiyohiyo mwaka 1998. Hilo lilibadili mambo kuliko wauzaji walivyotazamia. Watu wa kawaida walianza kuandika mienendo ya askari. Mmojawapo wa matunda yake, ramani iitwayo DotA iliyoanza mwaka 2003, ulikuja kuzaa aina nzima mpya ya mchezo: humo vikosi vidogo vya kompyuta hutoka ngomeni kila baada ya nusu dakika, vikafuata mojawapo ya njia tatu, vikampiga adui aliye karibu. Havijui kingine. Hata hivyo mchezo wote umesimama juu ya ujinga wao, kwani mchezaji stadi hupanga mambo yake kwa kujua hakika vitafika wapi na lini.

Chombo hicho cha kutengenezea ramani hufanya kazi kwa jozi: sharti na tendo. Sharti likitimia, tendo hufuata. Adui akiingia eneo hili, fungua lango. Dakika kumi zikipita, leta kikosi cha msaada. Jozi hiyo haina jina lililokubalika katika Kiswahili. Tumeona "kichochezi", lakini wanakemia wamekwisha kulitumia kwa maana yao. Tumeona "kifyatuo", ambalo latukumbusha bunduki, na ni sehemu moja tu ya kile tunachokitafuta. Sisi tunapendekeza "mtego". Mtego ni kitu kizima: una kamba, una kifyatuo, una mahali pake, na hukaa kimya mpaka sharti litimie. Tena mzizi wake umeenea. Warundi ng'ambo ya Manyovu nao husema umutego. Atakayepinga atasema kwamba mtego ni wa kudhuru, hali mtego wa ramani waweza pia kuleta mvua au chakula. Twamjibu kwamba Kiswahili hutega sikio, hutega saa ya kengele, na hutega kitendawili, na katika hayo hakuna anayeumia. Zaidi ya yote, mtego una mtegaji. Hakuna Mswahili atakayeukuta mtego porini akasema kwamba waya una akili.

Buha ya mwaka 1916 ina mfano wa kufundishia ulio bora kuliko wowote tungeweza kuubuni. Kikosi cha kusini cha Wabelgiji, chini ya Frederik-Valdemar Olsen, kilipitia Kitega mwezi wa Juni kikafika Kigoma tarehe 28 Julai. Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba. Ziwani Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Goetzen. Walipoona kwamba Kigoma haishikiki, waliizamisha wenyewe mwishoni mwa Julai, na kabla ya kuizamisha wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito isije ikaharibiwa na maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba.

Hebu sasa tuiache kompyuta iongoze upande wa Wajerumani katika ramani ya Buhigwe. Kikosi kilichopewa hali ya kushambulia na hali ya kulinda hakitazamisha meli yake kamwe. Kitapigana nayo mpaka iteketezwe, au kitaiacha itekwe. Ili tendo lile litokee ni lazima mtu alitege: Kigoma ikiwa na walinzi wachache kuliko idadi fulani, na adui akiwa umbali fulani, meli izame. Mchezaji asiyejua historia atastaajabia werevu wa mashine. Werevu ni wa wahandisi wa 1916, nao umebebwa hadi kwenye mchezo na kijana aliyesoma habari zao. Na grisi je? Hilo ni tendo la mtu anayefikiria kurudi, na hatujui mtegaji ataliandikaje.

Lipo kundi la tatu, lisilo la mchezaji wala la adui wake. Wachezaji huliita kwa majina ya kigeni mengi yasiyolingana. Hapa magharibi ya Tanzania lina jina tangu karne ya kumi na tisa: rugaruga. Walikuwa askari wa Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na wa watawala wengine. Na katika vita ya 1914 hadi 1918 watu wa jina hilo walitumiwa na Wajerumani kama askari wasaidizi. Mwenye kulipa ndiye aliyefuatwa, na asipokuwapo wa kulipa walijitafutia. Kwa vikosi vya ramani vinavyoweza kukodiwa, au vinavyozurura na kupora bila kuwa na bendera, hatuoni neno linalozidi hili. Wengine watapenda "mamluki". Hilo libaki kwa askari wa mkataba.

Katika kundi hilo la tatu imo pia miji, na hapa tuna neno la kusema juu yetu sisi wenyewe. Katika mchezo wa Civilization VI, uliotolewa Marekani mwaka 2016, mchezaji huchagua taifa la kuongoza. Zanzibar imo mchezoni, lakini si miongoni mwa mataifa ya kuchaguliwa. Imo kama mji wa dola, na miji ya namna hiyo huongozwa na kompyuta daima. Haianzishi miji mingine. Hupokea wajumbe wa mataifa makubwa. Taifa lililotia wajumbe wengi huwa mlezi wake, nalo hupata mdalasini na karafuu, huweza kukodi askari wake kwa dhahabu, na likipigana, Zanzibar hupigana pamoja nalo. Miaka miwili baadaye iliongezwa Kilwa Kisiwani, kama jengo la fahari ambalo taifa lolote laweza kulijenga. Hatulalamiki kwamba tumesahauliwa. Wengi hawakutajwa kabisa, na Buha ni mmojawapo. Lakini tazama ni mwenendo gani walioandikiwa watu wa pwani: kungoja, kupokea, kufuata. Ukisema "ndivyo kompyuta inavyoichezesha Zanzibar," umemsamehe mtu aliyeketi akaamua hivyo.

Jambo jingine tulitaje kwa ufupi. Michezo hii humpa mchezaji nafasi ya kuchagua "kiwango cha ugumu". Katika mingi, pamoja na huo tulioutaja sasa hivi, kupandisha kiwango hakuifanyi kompyuta ifikiri vizuri zaidi. Huipa mali na watu wa ziada tangu mwanzo. Ni kama kumwanzishia mpinzani wako bao akiwa na kete thelathini mkononi, kisha kumsifu kwa ustadi. Kifasiriwe "kiwango cha upendeleo", na wachezaji watajua wanachokipambania.

Basi, vikosi visivyo na mchezaji viitweje? "Vikosi vya kompyuta" laeleweka, na katika mazungumzo litaendelea. Katika maandishi ya istilahi tunapendelea "vikosi vya maagizo", kinyume cha "vikosi vya mchezaji", kwa kuwa neno agizo halikai peke yake: msomaji huuliza papo hapo, maagizo ya nani? Neno "akili mnemba" liwekewe akiba mitambo ambayo mwenendo wake haukuandikwa sharti kwa sharti. Mwaka 2019 mtambo uitwao AlphaStar, wa kampuni ya DeepMind ya Uingereza, ulifika daraja la juu kabisa la wachezaji wa StarCraft II baada ya kujifunza kwa michezo ya watu na kwa kucheza na nafsi yake mara nyingi mno. Huko hakuna mtegaji aliyetega kila hatua, na istilahi nyingine yastahili. Lakini mlinzi anayelala usiku na kuamka akikaribiwa si ndugu yake.

Limebaki neno ambalo mwalimu hakuliuliza, na ambalo ramani yake italihitaji kuliko yote. Vita ile ilibebwa vichwani. Pande zote zilichukua wapagazi waliohesabika kwa malaki, wakabeba risasi, mahema na chakula cha wengine, na wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Michezo ya mkakati kwa kawaida haina mtu wa namna hiyo: risasi hujitokezea, na askari hula bila kuletewa. Ramani ya Buhigwe ikitaka kusema kweli, kundi lake kubwa kuliko yote litakuwa la wapagazi, nao watahitaji mwenendo. Lugha ya michezo inawapa maneno mawili tu. La kwanza ni "kurudi nyuma", ambalo ni amri. La pili ni "kutimka", ambalo ni hofu: tangu mchezo wa Shogun: Total War wa mwaka 2000, uliotengenezwa Uingereza, tumeona vikosi vya maagizo vikivunjika moyo na kukimbia ovyo. Mpagazi wa Buha hakupewa amri ya kurudi nyuma, na mara nyingi hakutimka. Aliweka mzigo chini usiku, akaenda zake kwa njia aliyoijua yeye, kwa sababu kwake mtama ulikuwa shambani. Maofisa waliliandika tendo hilo kama kosa. Kiswahili hukiita kutoroka, na tunapendekeza neno hilo liingizwe katika orodha kama mwenendo wa tatu, wenye masharti yake: umbali kutoka nyumbani, siku alizokaa bila chakula, na majira ya mavuno. Gharama ya njia ya usiku kwa mtu aliye kwao iwe ndogo.